Shikamoo Mjomba, Santuri Hazijambo?

Huku Chidya, na kwingineko kuanzia Masasi hadi ukipanda Newala, mila ya ukoo hufuata upande wa mama. Wamakua, Wamakonde na Wayao hawakubaliani katika mengi, lakini katika hili wapo pamoja: mali ya mjomba ina jicho la mpwa. Ndiyo maana mwongozo huu wa kutunza santuri umeandikwa na mpwa kwa ajili ya wajomba wote, kwa nia safi kabisa na bila haraka yoyote.

Tuanze na malazi. Santuri hazilazwi, husimamishwa. LP mia moja pamoja na kava zake hukaribia kilo 25, na ukizirundika moja juu ya nyingine, za chini ndizo zinazolipa. Hili lisingehitaji kuelezwa katika wilaya yenye maghala ya korosho. Korosho ghafi ikifika ghalani huwekwa juu ya chaga, haigusi sakafu wala ukuta, hewa inapita, mlinzi yuko mlangoni, na mwenye mzigo ana stakabadhi mfukoni. Yote hayo kwa mgeni wa wiki chache anayesubiri mnada. Santuri ya mwaka 1972 imekaa uvunguni miaka hamsini na ushei, ikigawana nafasi na jembe bovu, mchwa wakila kava kuanzia pembeni. Hatuombi makuu, mjomba. Tunaomba muziki upewe hadhi ya korosho, hata ya daraja la pili.

Juu ya kabati nako hapafai, hasa nyumba isiyo na dari. Vinili hulegea joto likikaribia nyuzi 60, na bati la saa nane mchana mwezi Novemba halijawahi kumhurumia mtu. Santuri ikishapinda, sindano itapanda na kushuka kama basi la Newala. Wapo wanaoinyoosha kwa pasi ya mkaa. Hao waachwe waendelee, santuri zao zilishakufa.

Kuanzia Juni tunapulizia salfa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na salfa haichagui pa kutua. Inaingia kwenye chai, inaingia kwenye kitabu cha nyimbo, inaingia kwenye mifereji ya santuri, na sindano ikipita juu yake inasaga vumbi na wimbo kwa pamoja. Katika miezi hiyo funga dirisha la sebule na usiache santuri nje ya kava eti utaipiga tena jioni. Kufuta, tumia kitambaa laini kikavu kwa kuzunguka na mifereji, usiikate. Ikichafuka sana, maji safi ya mvua na tone la sabuni yanatosha, mradi lebo isilowe. Nusu kikombe tu; uwanda huu haujawahi kuwa na maji ya kuchezea.

Sasa suala zito: nipa. Msimu wa mabibo ukiiva, pombe ya uraka ikishatoka na nipa, gongo la mabibo, ikishakenekwa, hutokea mjomba mwenye elimu yake akasema kilevi huua vijidudu, basi kitasafisha na santuri. Mjomba, hapana. Mwimbaji Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, santuri zilikuwa bado hazitengenezwi kwa vinili. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika, zinazovunjika zikianguka, ziliundwa kwa utomvu wa wadudu wa India uliochanganywa na unga wa mawe. Utomvu huohuo ndio mafundi seremala huuyeyusha kwenye spiriti wapate rangi ya kung'arisha meza. Ukipangusa santuri ya aina hiyo kwa nipa, meza itapendeza. Nipa ina kazi yake, na mjomba anaijua kuliko sisi.

Sindano za chuma za gramafoni ya mpini zilibadilishwa kila upande mmoja ulipokwisha, kwa hiyo ukiiweka LP kwenye mtambo huo unailima. Na ile sarafu ya senti hamsini yenye sungura uliyoibandika juu ya mkono wa sindano ili wimbo usiruke, tunakiri inafanya kazi: wimbo hauruki. Ila sungura yule anachimba kila siku, na shimo ni la kudumu.

Kumbuka pia kwamba ukiharibu santuri, hakuna duka la kuifidia. Nyimbo nyingi za bendi zetu zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulifungwa kuanzia 1977 hadi 1983. Kama unayo santuri ya mpiga gita Mbaraka Mwinshehe ya miaka yake ya mwisho, kabla ya ajali iliyomuua Mombasa Januari 1979, huenda ilifika Chidya kwa njia ambayo si adabu mpwa kuuliza. Akija kijana wa mjini na simu, anapiga picha lebo huku akisema "hivi vitu siku hizi havina soko", ujue hiyo ni kangomba ya muziki, ulanguzi uleule wa korosho. Mpe maji ya kunywa, umsindikize.

Mzee wa kanisa akisema huo ni muziki wa dunia, mkumbushe Trevor Huddleston, askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla hajaletwa kwetu, ndiye aliyempatia Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza kule Johannesburg.

Mwisho, umeme. Ukikatika katikati ya wimbo, nyanyua mkono wa sindano kwanza, ndipo utafute tochi. Usipofanya hivyo umeme utarudi saa tisa usiku, gita la Mbaraka litaanza kwa sauti ya mlevi, lipate nguvu, lichanganye. Watakaoamka kwanza ni kuku. Wa pili ni mke wa mjomba, na kwa hilo mwongozo huu hauna msaada.