Safari ya Kageye na mkanda wa feni

Binti yetu wa darasa la sita alitaka Kilwa. Kitindamimba alitaka popote penye maji ya kuogelea. Baba yao alitaka kulala, maana kesho yake ilikuwa Jumamosi. Walibishana sebuleni kwetu Kiseke, mimi nikikunja nguo, hadi mama mkwe alipotoka chumbani amejitanda kanga, akakaa, akasema, "Wajukuu zangu, Kilwa ni mbali na nauli hamna. Kesho twendeni Kageye."

"Kageye ndiyo wapi, bibi?"

Swali lile lilimuuma mama, na mimi liliniuma. Mtoto huyu anaijua Husuni Kubwa, kasri la kale la Kilwa. Anajua kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na kwamba misafara ya pembe na watumwa ilikuwa ikishukia Bagamoyo. Anakaa Ilemela, analiona ziwa kila akipanda juu ya majabali ya nyuma ya nyumba yetu, lakini bandari ya kale ya ziwa hilohilo, iliyoko mwambao wa kusini wa Ghuba ya Speke, hakuwahi kuisikia. Kutoka Mwanza hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 1,100. Kageye unakwenda na kurudi siku hiyohiyo. Baba watoto akasema basi, atamwomba jirani gari lake, Noah.

Jirani alitukabidhi ufunguo asubuhi kwa sharti moja: gari lisirudi na shombo ya samaki. Tukaahidi. Mama alikuwa ameamka kabla ya adhana. Pilau imefungwa kwa kitambaa ndani ya sufuria, matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, yako kwenye kikapu, na jogoo mwekundu amefungwa miguu, wa kumpelekea ndugu yake wa ukoo aliyeolewa huko. Baba watoto alipomtazama jogoo yule, mama akamwahi: "Mwanangu, sisi hatuendi kwa watu mikono mitupu." Jogoo akapakiwa chini ya kiti cha nyuma.

Tukashuka Sabasaba, tukashika barabara ya uwanja wa ndege, ile inayoendelea Igombe, Kayenze na hatimaye kutokea Nyanguge. Tulipokwisha kuiacha Igombe nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Taa ya betri ikawaka kwenye dashibodi, na mshale wa joto, uliokuwa umetulia katikati, ukaanza kupanda. Baba watoto akaegesha chini ya mwembe na kuzima injini. Alipoinua boneti tuliona wenyewe: mkanda wa feni umekatika, nyuzi zake zimejizungusha kwenye puli, na rejeta inachemka hadi inapiga mluzi.

Shemeji yangu aliyeko mjini tukampigia simu atafute mkanda, amkabidhi bodaboda. Akasema duka la vipuri analolijua halijafunguliwa. Jua likapanda. Kitindamimba akalia njaa, mama akafungua kikapu, na kwa desturi yake hakuwapa wajukuu tu. Kila aliyesimama kututazama alipewa kipande cha tobolwa. Ndivyo tulivyompata fundi baiskeli wa jirani na hapo, kijana mpole aliyekuja kutafuna na kuchungulia injini. Akasema, "Shikamoo bibi. Mkanda wenyewe sina, lakini mpaka Kayenze mtafika."

Nilimwangalia akifanya kazi, na kazi yake ilikuwa safi. Alichukua tyubu kuukuu ya baiskeli, akaikata ukanda mrefu usiozidi upana wa vidole viwili, akauzungusha kwenye puli ya chini na puli ya pampu ya maji, akauvuta kwa meno na mkono hadi ukakaza, kisha akaufunga fundo bapa na kulipigapiga kwa mpini wa bisibisi ili lisiruke. Akatujazia maji ya ziwa kwenye rejeta iliyokwisha kupoa. "Mzee, usivuke thelathini. Na kila penye maji, simama."

Wakati anafanya hayo yote, mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wajukuu, akiwaeleza kwa nini twende Kageye. Alisema wazee wake waliwataja wageni walioleta mtumbwi wa mbao kutoka baharini ukiwa vipandevipande. Binti akamgeukia baba yake: "Boti inabebwaje vipande?"

Baba yake, ambaye vitabu anavisoma, akaanza kusimulia na usingizi ukamtoka. Mpelelezi Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo Novemba 17, 1874. Boti yake, Lady Alice, iliundwa Uingereza kwa namna ya kufunguliwa na kuunganishwa tena, na wapagazi wa Zanzibar na Unyamwezi wakaichukua mabegani, kipande kwa kipande, kupita nyika za Ugogo na kuingia Usukuma. Wengi walikufa njiani kwa njaa, maradhi na vita. Walifika Kageye Februari 27, 1875, baada ya siku 103, kwa mtemi aliyeitwa Kaduma. Machi 8 boti ikashushwa majini, ikalizunguka ziwa zima na kurudi palepale mwanzoni mwa Mei. Hapo ndipo Ulaya ilipoyakubali maneno ya mpelelezi mwenzake Speke, aliyelitazama ziwa kutoka Mwanza Agosti 3, 1858, kwamba hili ni ziwa moja na kwamba maji yake yanatokea Jinja kuwa Nile.

"Siku 103 kwa miguu," binti akasema, "na juu ya kichwa boti?"

Hilo ndilo ninalotaka watoto walishike kuliko jina la Stanley. Stanley huyohuyo alirudi kisiwani Bumbire, humohumo ziwani, mwezi Agosti mwaka ule na kuwapiga watu risasi kulipiza kisasi, na sanamu na sifa akapewa yeye. Waliobeba mbao zile mabegani kutoka bahari hadi ziwa ni babu zetu, na wengi wao hawana hata kaburi linalojulikana.

Tukafika Kayenze kwa mwendo wa ng'ombe, tukisimama kuongeza maji. Hapo bodaboda akatukuta na mkanda halisi, ukafungwa, na baada ya hapo gari halikusumbua tena. Tuliingia Kageye saa tisa imeshapita.

Mama alishuka wa kwanza. Wanawake waliokuwa wakigeuza dagaa waliitikia salamu yake ya Kisukuma, "mwadela", kabla hajawafikia, na mmoja akautupa chini ufagio alioushika, akaja kumkumbatia. Mimi nilikuwa nafungua mlango wa nyuma nitoe sufuria. Kamba ya jogoo ilikuwa imelegea njiani bila mtu kujua. Akaruka juu ya bega la kitindamimba, akatua mchangani, akakimbilia moja kwa moja kwenye nyavu zilizotandazwa, na watoto wangu wote nyuma yake. Dagaa wa usiku kucha, waliovuliwa kwa taa gizani na kuanikwa tangu alfajiri, wakarushwa na kukanyagwa. Kelele zilizopigwa pale hata waliokuwa kwenye mitumbwi walisimama kutazama.

Hawakututukana. Mama aliomba radhi kwa Kisukuma, nami kwa Kiswahili, nikapiga magoti kuokota pamoja na mwenye mali, dagaa mmoja mmoja, nikipuliza mchanga. Alinionyesha jinsi ya kumtambua aliyekauka: anavunjika kwa sauti, tumbo halinati kidoleni. Tukanunua sado mbili za wale waliokanyagwa, na pilau tukala sote kwenye sinia moja, wenyeji na sisi, saa kumi jioni.

Baada ya kula mzee mmoja alitutembeza ufukweni. Palikuwa na mchanga, mawe makubwa na mitumbwi, na maji yakipiga taratibu. Hapa aliishi Songoro, mfanyabiashara aliyetoka pwani, akiunda jahazi na kukusanya pembe. Kutoka mwambao huu watu waliotekwa walipelekwa Tabora na kuendelea baharini. Hapa alikufa Frederick Barker, kijana Mwingereza wa msafara wa Stanley, Aprili 1875, bosi wake akiwa bado ziwani. Desemba 1877 wamisionari Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe pamoja na huyo Songoro, katika ugomvi wake na mtemi Lukonge. Na mwanzoni mwa 1879 wamisionari Wakatoliki, Padri Lourdel na Bruda Amans, walipanda mtumbwi hapahapa, wakashukia Entebbe Februari 17. Waganda Wakatoliki wanaiadhimisha siku hiyo kila mwaka. Sisi tuliowaona wakiondoka, hata jina la bandari tumelisahau.

Kageye haikuanguka kwa vita. Wajerumani waliweka boma Mwanza, meli zikafuata huko, na reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928 hapakuwa na sababu ya mzigo kupitia kwingine. Kijiji kikabaki na dagaa wake.

Noah ilirudi Kiseke usiku, na shombo ilikuwa imeingia hadi kwenye mikanda ya viti. Jumapili nzima tuliiosha kwa sabuni, limau na maji ya moto, milango wazi juani, na mkaa tukauweka chini ya viti usiku. Jirani alikuja Jumatatu, akanusa, akanyamaza, kisha akauliza kama dagaa wamebaki. Mama alimpa sado nzima.

Nasema wazi: mwalimu wa historia wa Ilemela au Magu anayewafundisha watoto Kilwa na Bagamoyo bila kuwafikisha Kageye anawanyima haki yao. Na mzazi mwenzangu wa Kiseke, Buswelu au Pasiansi, usingoje shule. Barabara inaanzia uwanja wa ndege. Kagueni mkanda wa feni kabla ya kutoka, mfungeni jogoo vizuri, na mkifika nunueni dagaa kwa wale kina mama.