Bustani ya Maua Olbalbal: Mbuzi Ndiye Anayechagua

Mtumishi wa umma anayehamishiwa Olbalbal, bonde lililo ndani ya hifadhi ya Ngorongoro, hupita Karatu kwanza, na hapo ndipo macho yanapomponza. Karatu kuna udongo mwekundu, mvua ya kutosha, na bogenvilia zilizopanda hadi kwenye mapaa ya nyumba za wageni. Basi hununua miche kando ya barabara: waridi, jeraniamu, bogenvilia ya zambarau. Huipakata safari nzima, akiikinga na magoti ya abiria wenzake.

Gari likishapita ukingo wa kreta ya Ngorongoro na kuteremka upande wa pili, mambo hubadilika. Pepo za mashariki zimekwisha kumwaga maji yake kwenye miteremko inayotazama Karatu. Zikifika Olbalbal zimebaki na vumbi. Maji ya korongo la Oldupai huishia kwenye bonde hilohilo, lakini msimu wa mvua tu. Na karibu na korongo kuna Mchanga Unaohama, lundo la majivu meusi ya volkano linalosukumwa na upepo zaidi ya mita 10 kwa mwaka. Kama kilima hakitulii mahali pamoja, jeraniamu itatulia vipi?

Jembe nalo lina kesi yake. Ndani ya hifadhi ya Ngorongoro kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa tena 1992, kikazuiwa tena 2009. Ukionekana umeinama juu ya shimo, lazima uulizwe.

“Mwalimu, unalima?”

“Shikamoo, mzee. Silimi, napanda maua.”

“Marahaba. Yanaliwa?”

“Hayaliwi.”

“Na mbuzi wanalijua hilo?”

Hawalijui. Waridi ndilo hutangulia, maana mbuzi aliyekulia kwenye migunga huona miiba ya waridi ni kijiti cha kuchokolea meno. Kwa bogenvilia husimama kwa miguu ya nyuma, akaegemeza kwato ukutani, akavuta tawi kwa midomo taratibu, jicho moja likimtazama mwenye nyumba. Kwa haki yake isemwe kwamba hajala maua. Ile zambarau ni majani tu. Ua lenyewe ni kile kitu kidogo cheupe cha katikati. Inasikitisha zaidi kwa sababu bogenvilia, ikishashika mizizi, huchanua vizuri inapokosa maji kidogo. Ingeipenda Olbalbal, kama Olbalbal isingekuwa na mifugo.

Hapo mtu hukumbuka lantana: rangi ya njano, chungwa na waridi kwenye kishada kimoja, haihitaji kumwagiliwa, na mifugo kwa kawaida huikwepa. Imetimiza kila sharti. Ila ni sumu kwa mifugo inayoila kwa njaa, na ni mmea vamizi wa kutoka Amerika. Kuipanda kwenye nyumba iliyo jirani na wafugaji, ndani ya hifadhi, ni kujitafutia baraza la wazee.

Shubiri ndiyo yenye akili. Majani yake machungu huikinga na midomo mingi, maji yake imejiwekea yenyewe, na maua yake mekundu huleta ndege aina ya chozi mlangoni. Oldupai, mkonge mwitu uliolipa korongo jina, ni mvumilivu kuliko yote, ingawa rangi yake ni kijani leo na kijani kesho. Ulaya jamaa zake huuzwa kwenye vyungu, hukaa sebuleni. Anayetaka rangi ya waridi apande waridi la jangwani, linaloweza kuchanua likiwa halina hata jani. Utomvu wake ulipakwa kwenye mishale, kwa hiyo watoto wakae mbali.

Umwagiliaji ufanyike usiku. Kumimina maji kwenye ua mchana, akina mama wakipita na punda waliobeba madumu kutoka mbali, ni ujasiri ambao si kila mtumishi anao.

Wengine huishia kupanga mawe njiani na kuyapaka chokaa, kama mbele ya ofisi nyingi za serikali. Mbuzi huyalamba mara moja, huchukizwa, na kwenda kuangalia kwa jirani kuna nini.