Saladi ya Kijitini

Siku hizi ukialikwa sendofu mjini Dar es Salaam, kula kwanza nyumbani. Kinachotangulia ni saladi ya kuku iliyotungwa kwenye kijiti: kipande cha kidari, jani la saladi lililokunjwa mara tatu, nyanya moja ndogo, kisha kuku tena, safari hii mdogo kuliko yule wa kwanza. Mhudumu anapita na sinia, kavaa glavu nyeupe. Ukinyoosha mkono mara ya pili anakutazama kana kwamba umegusa mahari.

Ufundi upo, siukatai. Vijiti huloweshwa nusu saa visije vikawaka kabla ya kuku. Nyama hulazwa kwenye mtindi, ndimu na kitunguu saumu. Majani hutungwa mwishoni, nyama ikishapoa, maana yakikutana na joto yananywea. Muuza mishkaki wa mtaani anayajua haya, ila yeye kachumbari huiweka pembeni, na pilipili hailetwi kwa kijiko cha kupimia.

Wajuzi wa mezani watakunong'oneza kwamba hiyo ya kijiti ni Caesar, saladi inayosemekana kubuniwa na Caesar Cardini huko Tijuana, Meksiko, mwaka 1924. Sawa. Lakini ile ya kwanza haikuwa na kuku, wala kijiti.

Katika sendofu moja, kwenye meza ya wazee wa upande wa bwana harusi vijiti vitupu vilishalundikana. Mmoja akamwita mhudumu kwa upole: "Mwanangu, hii ya kuonja tumeiona. Sasa pilau liko wapi?"