Ndiyo ya Karani wa Isangi

Hakuna aibu ya kazini inayowasha kama ile ya karani anayesimama asubuhi ya Jumatatu mbele ya wakubwa watatu, kila mmoja akidai ripoti aliyoahidiwa, huku boti ya Kisangani imekwisha washa mashine na karatasi zenyewe bado ni nyeupe. Aibu hiyo huzidi makali pale Isangi, kwenye makutano ya Lomami na mto Kongo, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kisangani, kwa sababu boti ikiondoka hakuna ajuaye kwa hakika nyingine itapita lini, na wakubwa walioikosa hupata muda wa kutosha wa kumtazama aliyewakosesha. Chanzo chake si uvivu, kama wahubiri wapendavyo kudhani, wala si uchawi wa jirani, kama karani mwenyewe atakavyoeleza jioni. Chanzo ni "ndiyo" tatu alizozitoa siku ya Ijumaa, "Ndiyo, Padri," "Ndiyo, shefu," "Ndiyo, mzee," pasipo kukumbuka kwamba Jumamosi ni moja.

Kesi hiyo imo katika Injili ya Mathayo, sura ya 21, ambapo baba mwenye shamba la mizabibu anawaagiza wanawe wawili, mmoja akakataa kisha akajuta na kwenda, mwingine akaitikia kwa adabu zote na asionekane shambani. Wafafanuzi humfanya huyu wa mwisho kuwa mfano wa viongozi wa dini wa wakati ule, tafsiri inayowaacha makarani walale usingizi mnono. Na kwa kuwa kila mshtakiwa anastahili wakili, yafaa itajwe hati ya kale iitwayo Codex Bezae, yaani kitabu cha ngozi cha karne ya 5 hivi, chenye maandishi ya Kigiriki na Kilatini, ambacho Théodore de Bèze alikikabidhi Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1581: humo wasikilizaji wa Yesu, walipoulizwa ni nani aliyefanya mapenzi ya baba, wanamtaja yule aliyesema ndiyo na asiende. Mtakatifu Yeronimo, aliyezijua nakala za namna hiyo, alidhani kwamba watu wale walijibu kinyume kwa makusudi, na maoni yake yana uzito, kwani naye aliwahi kuwa karani, wa Papa Damaso mjini Roma.

Ajabu ni kwamba tatizo lenyewe, la neno fupi lenye maana nyingi, lilikwisha tatuliwa zamani kando ya mto Kongo huo huo. Walokele, wavuvi na wachuuzi wa majini kati ya Kisangani na Isangi, walipeleka habari kwa ngoma ya gogo lililokombwa ndani kupitia ufa mwembamba, ambalo midomo yake miwili hutoa sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Hizo hazikuwa alama za siri, bali ngoma iliiga toni za Kilokele chenyewe, yaani kule kupanda na kushuka kwa sauti ambako katika lugha hiyo, kama katika Kilingala, hubadili maana ya neno. Lakini ngoma haina irabu wala konsonanti, na toni zikibaki peke yake maneno mengi hufanana: songe, yaani mwezi, na koko, yaani kuku, yote mawili yana toni mbili za juu, hivyo msikilizaji wa ng'ambo hajui kama anaambiwa atazame mbinguni au anoe kisu. John Carrington, mmisionari Mbaptisti kutoka Uingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kufanya kazi Yakusu na Yalemba, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1949 jinsi wapigaji walivyolikwepa shimo hilo kwa kutopiga neno tupu, bali kulifunga ndani ya kifungu kirefu, mwezi ule uitazamao nchi kutoka juu, kuku yule mdogo aliaye kiokio, mpaka mfululizo wa toni usiweze kudhaniwa kitu kingine. Urefu ule haukuwa pambo, ulikuwa gharama ya kueleweka.

"Ndiyo" ya ofisini hupigwa tupu. Yaweza kuwa na maana ya nimesikia, au nakuheshimu, au nitafanya, au naomba uondoke mlangoni, na mkubwa huchukua ya tatu wakati karani alikusudia ya nne. Mpigaji wa Kilokele angetoa ndiyo ile ya Jumatano, iliyo nyuma ya ripoti ya Padri, ingojayo wino kutoka Kisangani, na kazi yake ingesalimika. Karani huyataka maneno marefu baada ya maafa: akipokea ombi la maelezo, yaani barua inayomtaka mfanyakazi ajieleze kwa maandishi, hujibu kwa kurasa tatu zinazoanza na salamu katika Bwana na kumshtaki Shetani katika aya ya pili, Shetani ambaye hajawahi kuandikiwa ombi la maelezo hata mara moja.

Wala karani huyo hayuko peke yake: yupo pia afungaye na kuomba apate cheo ambacho fomu yake hajaijaza. Na yupo azikaye talanta yake, kama mtumwa wa mfano wa Yesu, kwa kuiona ndogo, ilhali talanta moja ya fedha ilikuwa dinari 6,000, na dinari ilikuwa ujira wa siku, yaani amefukia mshahara wa miaka kama 20.

Lakini si haki mdogo achekwe peke yake. Shule nyingi za Kongo huendeshwa na makanisa kwa mkataba na Serikali wa mwaka 1977, na ndani yake wamo walimu waitwao NU, kifupi cha maneno ya Kifaransa yenye maana ya "vitengo vipya", wanaofundisha kila siku bila kuwamo katika orodha ya malipo. Elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, michango ya wazazi iliyowalisha ikakatwa. Wakauliza kama Serikali itawalipa, wakajibiwa ndiyo. Watu hao hao huitwa kwenye semina za uaminifu kazini, ambako Wakolosai 3, juu ya kutumika kwa moyo, hupewa asubuhi nzima, na Yakobo 5, juu ya ujira wa vibarua uliozuiwa, hupangiwa saa ya chakula.