Jinsi ya Kuua Mkanda wa Mashine ya Posho kwa Hatua Saba

Ukitoka Kitale ukapita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Bungoma, ni nadra kukuta soko lisilo na mashine ya posho, na kila mashine ina sauti yake. Iliyo nzima hunguruma. Ile inayopiga yowe kama nguruwe anayefungwa kamba kila inapowashwa, mwenyewe ameshaanza kufuata mwongozo huu kabla hata ya kuusoma. Hizi hapa hatua kwa ajili ya wenye mashine ambao bado hawajafika daraja lake.

1. Nyamazisha kilio. Mkanda ukilia wakati wa kuwasha, maana yake unateleza kwenye puli. Fundi mwoga angezima na kuukaza. Wewe umwagie soda au uupake kipande cha sabuni. Utanyamaza, wateja watakupigia makofi, na kabla ya jioni vumbi la unga litakuwa limeshikamana na ile sukari. Puli nayo itakuwa imejipikia ugali wake.

2. Ukikaza, kaza mpaka ulie kama gitaa. Wapo wanaodai kwamba kwa kila mita moja kati ya puli na puli, mkanda ukibonyezwa katikati ubonyee kama milimita 16. Hao wana muda wa kupima. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huvuta shafti upande mmoja na kula beringi, nawe utajulishwa kwa harufu. Na ukifunga mkanda mpya, usirudi kuukagua baada ya siku moja au mbili, kwani huo ndio wakati unapolegea.

3. Badilisha mmoja mmoja. Mashine ina mikanda mitatu, mmoja umekatika, kwa nini ununue mitatu? Ile miwili ya zamani imeshanyooka, kwa hiyo mgeni ndiye atakayebeba mzigo wa wote mpaka naye akatike. Utarudi dukani mara nyingi hadi mwenye duka ayajue majina ya watoto wako.

4. Vaa mkanda kwa nguvu. Kulegeza bolti za mota na kuisogeza ni kazi ya dakika kumi. Kuuchokonoa mkanda kwa nondo huku kijana akizungusha puli ni kazi ya dakika moja. Nyuzi za ndani zitakatika bila kuonekana kwa nje, nawe utamlaumu Mchina aliyeutengeneza.

5. Sifia puli inayong'aa. Mkanda wa umbo la V hushika kwa mbavu zake, haukalii chini ya mfereji wa puli. Ukiona chini kunang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, jua mkanda au puli imelika. Waambie watu ni usafi. Wala usinyooshe uzi kuangalia kama puli mbili ziko mstari mmoja. Uzi ukigusa ukingo wa kila puli mahali pawili, jumla mahali panne, utakosa hadithi ya kumweleza mkeo.

6. Sahau upepo. Ndani ya mashine mna feni inayovuta unga kupitia chekecheke na kuutupa kwenye lile pipa la bati, kisha upepo hutokea kwenye mfuko wa kitambaa. Usiukung'ute huo mfuko. Ukiziba, upepo hukosa njia na unga hutoka moto. Mama aliyeleta gorogoro mbili akiuliza, "Fundi, huu umesaga ama umekaanga?" mwambie ni huduma ya ziada. Pokea pia mahindi mabichi ya Oktoba. Bodi ya nafaka hutaka unyevu usizidi asilimia 13.5, lakini wewe una roho kubwa.

Kisha wangoje watu wa stima. Wakishatengeneza laini, waya zaweza kubadilishana na mota ikazunguka kinyume. Usishtuke: feni ya namna hii, hata ikizunguka kinyume, hutupa upepo upande uleule, ila kwa unyonge, kwa hiyo unaweza kuyalaumu mahindi wiki nzima. Fundi wa stima angepishanisha waya mbili kati ya tatu, na kazi ikaisha. Dawa yako iwe kufunga puli nyingine ili feni ikimbie zaidi. Kumbuka tu kwamba mwendo ukiongezeka kwa asilimia 10, feni hudai nguvu zaidi kwa takriban asilimia 33, na bili ya stima haijui utani.

7. Ng'oa kinga ya mkanda. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu kama hizo zifunikwe, lakini ule wavu unafaa sana kufungia vifaranga. Sasa leso ya mama, mkono wa shati la kijana na kidole cha mtoto anayeokota punje vitapita karibu na mkanda bila kizuizi.

Mkanda, beringi, puli, hata mota, vyote vinauzwa Kitale na Bungoma. Kidole hakiuzwi. Kwa hiyo kabla hujajaribu hatua yoyote, hata ya kijinga, zima swichi kubwa, toa fyuzi uzitie mfukoni mwako mwenyewe, na usishike chochote mpaka puli isimame.