Karata kwa Rika Zote, Isipokuwa Shemeji

Juni ikishaingia Mafinga, saa moja ya jioni kila mwenye akili timamu yuko ndani na blanketi lake. Baridi la huku halina adabu, linapita hata tundu la ufunguo. Shule zimefungwa, umeme umekwenda ulikokwenda, televisheni imenyamaza, na watoto wamejaa sebuleni wakinitazama kana kwamba ni mimi niliyeukata. Hapo ndipo mtu mmoja husema: tucheze karata, ni mchezo wa rika zote, rahisi tu.

Rahisi! Mtu huyo sijui alicheza na nani.

Karata zenyewe hazina ubaya. Ziko 52: kopa, uru, shupaza na pau, kila aina 13. Mtoto wa darasa la pili anazijua zote kabla chai haijapoa. Ubaya uko kwa wanaozishika. Chukua lasti kadi, mchezo wa kila kijiwe. Unafuata namba au aina ya karata iliyo juu; ukikosa, unalamba; wa kwanza kuishiwa mkononi ndiye mshindi. Basi, hakuna zaidi. Lakini waketishe watu wanne waliokulia miji minne, uone. Binti yangu anasema ukitupiwa mbili unalamba mbili. Mke wangu, aliyesoma bweni Iringa, anasema jeki ndiyo inayobadili aina. Shemeji, aliyetoka Mbeya na gunia la viazi pamoja na katiba yake, anasema hapana, ni nane. Tena mbili juu ya mbili zinajumlishwa, anayefuata analamba nne.

"Shemeji, ina maana huku kwenu Mafinga hii bado haijafika?" ananiuliza kwa huruma.

Nimechunguza jambo moja. Sheria za Mbeya huwa hazikumbukwi karata zikiwa zinagawiwa. Zinakumbukwa shemeji akibakiwa na karata mbili mkononi.

Mama mkwe hana muda na lasti kadi. Anaiita mchezo wa kusukumana. Yeye hucheza wahedi wa sitini, aliojifunza Tanga enzi za manamba, watu wetu wa Nyanda za Juu walipokuwa wakishuka kukata mkonge. Anatoa nane, tisa na kumi anaziweka pembeni, zinabaki 40, watu wanne kila mmoja 10, wawili kwa wawili wakitazamana. Halafu hesabu: ree ni 11, saba ni 10, mfalme 4, jeki 3, bibi 2. Nyingine hazina kitu, ni magarasa. Zote zikijumlishwa ni 120, kwa hiyo upande utakaofikisha 61 umeshinda. Binti yangu akauliza kwa nini bibi amezidiwa na jeki, kijana tu. Mama mkwe akamjibu waulizwe Wareno. Na kweli: Wareno walitimuliwa Mombasa mwaka 1698, lakini kwao Ureno mpaka leo wanaocheza sueca wanahesabu hivyo hivyo, saba juu ya mfalme na bibi chini ya jeki.

Hesabu niliielewa. Ambacho sijaelezwa na mtu yeyote ni hiki: mkwe unamkataje kwa turufu, ile aina inayozishinda nyingine zote? Mama wa watu ametupa ree ya kopa, pointi 11, ametulia na kanga yake. Mimi kopa sina, ila nina turufu mkononi. Nikikata, nimemvunjia heshima mama aliyenipa mke. Nisipokata, shemeji, ambaye ndiye mwenzangu, ananitolea macho kama taa za lori la magogo. Nikakata, huku nikisema "Samahani, mama." Akasema, "Haya, baba, kata tu." Kesho yake ugali wangu ulikuwa mdogo, na mke wangu anasema unga ulipungua.

Wenye amani ni watoto wadogo. Wao hufunika karata zote chini, kila mmoja anafunua mbili, zikifanana anazichukua, zisipofanana anazirudisha palepale. Anayekumbuka zilipo ndiye anayeshinda, na ndiyo maana wa miaka sita anatunyoa watu wazima wote bila maji.

Kuna mchezo mmoja tu ambao watoto wangu nimewakataza hata kuusogelea: karata tatu, ile ya stendi za mabasi. Jamaa ana boksi limegeuzwa meza, anazihamisha karata tatu upesi upesi, ubashiri ilipo ile moja. Pembeni yupo anayeshinda kila mara, na huyo ni mwenzake. Abiria wa Tunduma anashuka kununua mahindi ya kuchoma, anarudi kwenye basi hana hata nauli ya bodaboda ya huko aendako. Michezo ya kubahatisha ina sheria yake ya mwaka 2003 na bodi ya kuisimamia, lakini mwenye boksi hana leseni, ana mbio tu.

Wewe unayetaka kuanzisha karata nyumbani, anza na wale wadogo na mchezo wao wa kufunua. Wahedi wa sitini uache mpaka wajue kujumlisha, na usikae meza moja na mkweo. Lasti kadi iandikie sheria kwenye daftari kabla hujagawa, kila mchezaji atie sahihi. Kama una shemeji wa Mbeya, atie na dole gumba.