Muungwana na Mtaa Wake

Yuko muungwana ambaye, akiazimia kuzuru Dar es Salaam ili anunue vitenge Kariakoo, hufanya hima kutafuta malazi Masaki, kwenye ncha ya rasi ya Msasani, si kwa kuwa ana haja yoyote huko, bali kwa sababu jina hilo hutamkika vizuri mbele ya jamaa aliowaacha nyumbani. Zama za Waingereza, Oyster Bay, jirani ya Masaki, ilikuwa makazi ya Wazungu, na kanuni za ujenzi ndizo zilizowaweka wengine mbali. Leo kazi hiyo imekabidhiwa bei ya chumba, ambayo, tuseme kwa insafu, haibagui rangi. Basi bwana wetu huamka alfajiri, akakwama katika foleni ya magari kabla hajaliona daraja la Selander, akawasili sokoni jua la utosi, ilhali nyumba za wageni zimelizunguka duka alitakalo. (Shangazi yake wa Temeke, aliyemtandikia kitanda, hatumtaji.) Ukimwuliza kulikoni, atakujibu kwa taadhima kwamba Kariakoo kuna makelele, naye makelele hayawezi, ila ya kiyoyozi, na ya baa ya jirani inayokesha hadi saa kumi alfajiri.